Kutoka kuhesabu CD4 hadi kusoma fosfeti: niliyojifunza maabara, Bagamoyo

Miaka ya CD4 ndiyo iliyonifundisha mashine ya flo saitometri, ile inayopitisha seli moja moja mbele ya leza na kupima mwanga wake, na ndiyo iliyonipa tabia ambayo baadaye ilibidi niiache. Enzi hizo kliniki ya VVU ikifunguliwa asubuhi, kabla ya saa nne tyubu zenye kofia ya zambarau zimeshajaa kwenye trei, na swali letu lilikuwa moja tu: seli za kinga zenye CD4, alama iliyo juu ya seli, ni ngapi kwa kila mikrolita ya damu? Chini ya 200, mtu aanze dawa. Kiwango kikapandishwa hadi 350, kikapandishwa tena hadi 500, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mwaka 2015 kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kungoja namba ishuke. Kwa fundi wa maabara hesabu ile ilikuwa nyepesi. Seli ama ina CD4 ama haina. Kingamwili yenye rangi, protini inayonasa kitu kimoja tu, inajibandika kwenye CD4, unaihesabu, unaandika, unamwita anayefuata.

Halafu ukaja mradi wa utafiti kuhusu kinga ya watoto, na ndani ya boksi lake mlikuwa na kichupa cha kingamwili ya namna nyingine.

Kwa nje hakina la ajabu. Nusu mililita ya maji yenye ubuluu wa mbali, dozi ya mikrolita 5 kwa sampuli, vipimo 100 basi. Ubuluu huo ni Alexa Fluor 647, rangi ambayo ikipigwa na leza nyekundu hung'aa na kutoa mwanga wa takriban nanomita 665. Kingamwili iliyobeba rangi hiyo inatafuta protini inayoitwa STAT1, na hata hapo haitafuti STAT1 yoyote. Inatafuta ile iliyobandikwa fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, kwenye tairosini namba 701, moja ya pingili za mnyororo wa protini hiyo. STAT1 isiyo na fosfeti, kingamwili inaipita. Na fosfeti yenyewe ni kitu kidogo mno, uzito wake dalton 80 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), wakati kingamwili inayoitambua ina dalton kama 150,000.

Kwa nini mtu ahangaike na kidoti hicho? Kwa sababu fosfeti ndiyo swichi. Interferoni gama, ambayo ni ujumbe unaotolewa na seli za kinga zinapokutana na vijidudu kama vya malaria au kifua kikuu, inapogusa kipokezi kwenye ngozi ya monosaiti, aina ya chembe nyeupe ya damu, vimeng'enya viwili vinavyoitwa JAK1 na JAK2 vinaamka na kubandika fosfeti kwenye STAT1. Zilizobandikwa zinashikana mbili mbili, zinaingia kwenye kiini cha seli, zinawasha jeni. Haya yote yanafikia kilele ndani ya robo saa hadi nusu saa, kisha vimeng'enya vingine vinakuja kubandua fosfeti na mambo yanarudi kimya. Njia hii si jambo la vitabuni tu. Watoto wanaozaliwa nayo ikiwa na kasoro huweza kuugua vibaya hata kwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo kwa watoto wengine huacha kovu tu begani.

Kwa hiyo kingamwili ya CD4 inakuambia nani yupo. Hii ya fosfeti inakuambia aliyepo alikuwa anafanya nini dakika ile damu ilipokamatwa. Nililisikia hilo darasani nikaitikia kwa kichwa, kama wote tunavyoitikia. Kulielewa kwa mikono kulichukua muda.

Jambo la kwanza lililobadilika ni tyubu. Zile za zambarau zina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, na EDTA hunyakua kalsiamu, ambayo seli inaihitaji kwa sehemu kubwa ya mawasiliano yake. Kwa kuhesabu seli haina neno. Kwa kuuliza seli inazungumza nini, ni kumziba mtu mdomo kisha ukamhoji. Tukahamia kwenye kofia ya kijani, yenye heparini, ambayo nayo huzuia damu isigande. Sista wa zahanati alilalamika kwa haki kabisa, maana yeye anazo tyubu za zambarau tele na za kijani zinaletwa kwa kuhesabiwa.

Jambo la pili ndilo lililotugharimu mazungumzo marefu, na naona hata maabara kubwa hulipita haraka. Maswali ni mawili, na watu huyachanganya. Swali moja ni hili: ndani ya mwili wa mtoto huyu, sasa hivi, STAT1 yake imewashwa kiasi gani? Swali la pili: nikimchokoza kwa interferoni gama nje ya mwili, seli zake zina uwezo gani wa kuitikia? La pili lina uvumilivu. Damu ya heparini ikikaa saa mbili tatu kwenye joto la chumba bila kutikiswa hovyo, ukaifikisha maabara, ukaiweka kwenye bafu la maji la nyuzi 37, ukaichochea kwa dakika 15, utapata jibu la maana. La kwanza halingoji gari. Seli ndani ya tyubu ni hai, hazijui kama zimetoka kwa mwenyewe. Zinaendelea kubandua na kubandika. Damu iliyosafiri kutoka Kiwangwa hadi mjini wakati wa mvua inakupa habari za safari, si habari za mtoto.

Basi kwa swali la kwanza ilibidi maabara imfuate mgonjwa kwenye kiti. Nieleze tulivyofanya, maana huu ndio ufundi ambao hakuna karatasi ya maelekezo inayokuja na kichupa inakueleza.

Kuna bufa, yaani kimiminika cha maabara, ambayo kwa mara moja inapasua chembe nyekundu na kufiksi zile nyeupe kwa fomaldehaidi. Kufiksi ni kuisimamisha seli pale pale ilipo, protini zikashikanishwa, vimeng'enya vikafungwa mikono. Bufa hiyo inafanya kazi vizuri ikiwa na joto la mwili, nyuzi 37, na kipimo ni mililita 2 kwa mikrolita 100 za damu. Maabara unayo bafu la maji. Barazani kwa zahanati huna. Tukanunua sokoni chupa kubwa ya chai, ile ya mdomo mpana ambayo akina mama lishe huwekea uji, tukaitia maji ya uvuguvugu, tukazamisha kipimajoto cha kijiti pamoja na tyubu za plastiki zenye bufa. Ukiifunga vizuri inashika joto saa kadhaa. Ikishuka hadi 35 unaongeza maji ya moto kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye kijiti. Tuliiandika kwa wino mkubwa SI YA CHAI, kwa sababu kila mtu anayeiona barazani saa nne asubuhi anaikaribia akiwa na kikombe.

Sista anachoma, damu inaingia kwenye heparini, inageuzwa taratibu, mimi nimeshakaa pembeni na pipeti. Mikrolita 100 ndani ya bufa ya moto, kofia, pindua mara chache, bonyeza saa. Dakika 10. Katika dakika hizo unaona kwa macho jinsi kimiminika kinavyobadilika: kinaanza chekundu kizito kisichopitisha mwanga, halafu ghafla kinakuwa chekundu cha kung'aa, unaweza kusoma maandishi nyuma ya tyubu. Hapo chembe nyekundu zimepasuka. Isipong'aa, ujue bufa imepoa au damu ilikuwa nyingi kupita kipimo. Fomaldehaidi inawasha macho, kwa hiyo kazi hii tulikuwa tunaifanyia nje upande unaopisha upepo, glavu na miwani, watoto na mama zao upande wa pili.

Baada ya hapo sentrifuji ndogo, tuliyoichomeka kwenye umeme wa zahanati, na ukikatika tunaiunga kwenye betri ya gari kupitia inveta. Unamwaga maji ya juu, unaosha, kisha unatia methanoli iliyopoa sana. Hii usiimwage. Unaidondosha tone kwa tone huku tyubu ikitikiswa, la sivyo seli zinaganda kuwa bonge moja na kazi ya asubuhi nzima imeishia hapo. Methanoli ndiyo inayotoboa seli hadi kwenye kiini na kuzilegeza protini ili kingamwili iione ile tairosini 701, ambayo STAT1 zikishakumbatiana inajificha katikati yao.

Na methanoli ina fadhila moja ambayo mtu wa Bagamoyo anaithamini kuliko mtu wa Ulaya: seli zikishakuwa ndani yake, kwenye friza ya nyuzi hasi 80, zinaweza kukaa wiki kadhaa bila fosfeti kupotea. Maana yake umeme ukikatika, jenereta likigoma, au mashine ikihitaji fundi kutoka Dar, huna haja ya kuchanganyikiwa. Sampuli za mwezi mzima unazikusanya, unazipiga rangi siku moja, unazisoma siku moja, kwa mpangilio mmoja wa leza. Kwa hesabu yangu hii ni bora hata kuliko kusoma kila siku, kwa sababu tofauti za siku na siku zinaondoka.

Lakini methanoli ina ubaya wake pia, na hapa ndipo rangi zinapotengana. Alexa Fluor ni molekuli ndogo ya kemikali, haijali methanoli. PE, ile rangi ya machungwa ambayo sisi wa CD4 tuliizoea na kuipenda kwa ukali wake, ni protini inayotolewa kwenye mwani mwekundu. Akina mama wa Mlingotini wanalima mwani wa ukoo huo huo hapa hapa Bagamoyo, na yeyote aliyewahi kupita pale anajua mwani unavyoanikwa ukiwa na rangi yake na baada ya jua unabaki mweupe. PE kwenye methanoli huvurugika na kuacha kung'aa. APC nayo vivyo hivyo, na zile rangi pacha zilizojengwa juu yao. Kwa hiyo huwezi kuchukua kingamwili za PE zilizobaki kutoka mradi wa zamani ukaziweka kabla ya methanoli ukitarajia kuziona. Ama uziweke baada ya methanoli, ikiwa alama inayotafutwa juu ya seli imeokoka, ama utumie rangi isiyojali. Na alama nyingine haziokoki. CD14, ambayo ndiyo tungependa kuitumia kutambua monosaiti, kwa baadhi ya kingamwili haionekani tena baada ya methanoli. Inabidi ujaribu moja moja. Katalogi itakuambia kingamwili inafaa kwa flo saitometri. Haitakuambia kama inafaa baada ya kila unachoifanyia seli.

Kuhusu kuamini katalogi nina maneno zaidi. Kingamwili ya fosfeti hutengenezwa kwa kumdunga mnyama kipande kifupi cha protini kilichobandikwa fosfeti pale panapotakiwa, kisha zinachujwa na kuondolewa zile zinazong'ang'ania hata kipande kisicho na fosfeti. Tangu Köhler na Milstein walipoonyesha mwaka 1975 namna ya kupata kingamwili za aina moja tupu kutoka kwa seli zisizokufa, ubora umekuwa wa kutabirika zaidi, na fosfeti yenyewe kama swichi ilishafanyiwa kazi tangu miaka ya 1950 na Fischer na Krebs, waliotunukiwa Nobel mwaka 1992. Yote hayo mazuri. Lakini kichupa kilichoko mbele yako kimesafiri, na hakuna Nobel inayokulinda na safari.

Kuna mzigo mmoja ulikwama bandari ya anga siku za sikukuu. Wakala wa kuutoa, kwa nia njema kabisa, alipoona umeandikwa uwekwe kwenye baridi, akautia kwenye friza. Kingamwili yenye rangi inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, gizani, wala isigande. Tulipoipokea ilikuwa maji, safi kwa macho, lebo kavu. Ila wakala alijigamba kwa simu: “Kaka, mzigo wako nimeulinda, ulikuwa barafu tupu!” Tukaipima kabla ya kuigusia sampuli yoyote ya mtoto. Seli ambazo hazikuchochewa zilikuwa zinang'aa kupita kawaida, na kulikuwa na vidoti vikali vilivyotawanyika kwenye grafu, dalili ya kingamwili zilizoshikana mabonge. Tukajaribu kuizungusha kwa kasi kwenye sentrifuji na kuchukua maji ya juu tu. Ikapungua, haikupona. Ikabaki ya kufundishia vijana wa mafunzo kwa vitendo. Siku hizi juu ya boksi tunaomba pabandikwe karatasi ya Kiswahili: FRIJI, SI FRIZA. Inasaidia kuliko stika zote za rangi.

Namna tunavyoipima kila kichupa kipya ni hii. Damu ya mmoja wetu aliyejitolea inagawanywa. Sehemu haichochewi. Sehemu inachochewa kwa interferoni gama. Sehemu ya tatu inawekewa kwanza ruxolitinib, dawa inayozuia JAK, kisha ndiyo inachochewa. Kingamwili ikiwa mkweli, ya kwanza itakuwa chini, ya pili juu, ya tatu irudi chini. Ile ya tatu ndiyo ninayoipenda, maana mtu anaweza kukuambia mwanga ulipanda kwa sababu seli zilichokozwa zikanata kila kitu; ukizuia JAK na mwanga ukashuka, hoja hiyo inakufa. Halafu tunashusha kipimo hatua kwa hatua, mikrolita 5, nusu yake, robo yake, tukitafuta mahali ambapo umbali kati ya waliochochewa na wasiochochewa ni mkubwa zaidi. Mara nyingi si pale mwenye kiwanda alipoandika. Kwa damu iliyopita kwenye methanoli tulijikuta tunatumia kidogo kuliko maelekezo, na matokeo yakawa safi zaidi, na vipimo 100 vikawa vingi kuliko 100. Bajeti ilishukuru.

Mwenzetu wa upande wa kupima protini kwenye utando alikuwa na kisa chake kinachofanana. Kwa miaka aliufunika utando wake kwa maziwa ya unga ili kingamwili isinate ovyo, kama alivyofundishwa, kwa sababu ni rahisi na yanauzwa duka lolote. Kwa kingamwili za fosfeti maziwa ni matatizo: kasini, protini kuu ya maziwa, yenyewe imejaa fosfeti. Akahamia kwenye albumini ya ng'ombe. Ghali, lakini mistari yake siku hizi inasomeka.

Sasa nirudi kwenye ile tabia niliyoisema mwanzo. Mtu wa CD4 akiona grafu, mkono wake unakwenda wenyewe kuchora mstari: waliopo huku, wasiokuwepo kule, asilimia ngapi? Kwa STAT1 yenye fosfeti mstari huo unadanganya. Ukizichochea monosaiti, hazigawanyiki makundi mawili. Kundi zima linahama kwa pamoja kwenda kulia, kama watu wote kwenye foleni wamepiga hatua mbele. Watoto wawili wanaweza wote kuwa na asilimia inayokaribia mia, lakini mmoja seli zake zimehama hatua kubwa na mwingine zimesogea kidogo tu, na tofauti hiyo ndiyo utafiti wenyewe. Kinachosomwa ni mwanga wa katikati wa kundi, waliochochewa kwa kulinganisha na wasiochochewa wa mtu yule yule. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo jedwali zima la asilimia lilionyesha kwamba hakuna tofauti yoyote, na kwenye kompyuta ile ile, kwa data ile ile, grafu zilikuwa zinapiga kelele kwamba ipo. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Swali ndilo lilikuwa la mashine ya zamani.

Na kwa kuwa tunasoma mwanga wenyewe, si ndiyo au hapana, mashine haina ruhusa ya kuyumba. Hewa ya bahari hapa ina chumvi, chumba kikipata joto leza inasogea kidogo, na kidogo hicho kwa CD4 hukioni. Kwa fosfeti unakiona. Kwa hiyo kila tunaposoma, tunapitisha kwanza shanga za kupimia leza, halafu tunatoa kwenye friza kijitube kimoja cha seli zilizochochewa siku moja, za mtu mmoja, tulizozigawa vijitube vingi na kuzihifadhi kwenye methanoli. Kijitube hicho kikitoa mwanga ule ule wa mwezi uliopita, tunaendelea. Kisipotoa, hakuna anayegusa sampuli za watoto mpaka sababu ijulikane.

Yapo mengine ambayo si ya maabara. Kichupa kina maandishi madogo: kwa utafiti pekee. Sisi tunayasoma kama tahadhari ya kisheria. Mama aliyeleta mtoto hajayasoma, na hata angeyasoma, kwake mtu mwenye koti jeupe ni dokta. Mama mmoja alinishika mkono barazani: “Dokta, majibu ya mwanangu lini?” Nikamwambia majibu yake anayo tayari: kipimo cha haraka cha malaria kimesoma, dawa mseto ameshapewa, na ratiba ya vidonge Sista amemwandikia. Hii damu nyingine haina jibu la kumtibu mtoto wako. “Sasa mnaipeleka wapi?” Swali hilo pwani hii lina historia; bibi zetu walitutisha na mumiani, na mtu anayeondoka na damu kwenye boksi bila maelezo anajitafutia jina. Nikamwonyesha tyubu. Kilichochukuliwa hakijazi kijiko cha chai. Nikamwonyesha na ile nyingine iliyokuwa inang'aa kwenye chupa ya uji, nikamweleza kwamba tunataka kujua askari wa mwili wake walikuwa wanafanya nini leo asubuhi, na kwamba fomu ya ridhaa aliyoiweka saini inasema hivyo hivyo. Akaitazama kwa muda. Akauliza kama anaweza kujitoa. Nikamwambia ndiyo, wakati wowote. Hakujitoa, ila alisema tukimaliza tuje tuwaambie, “na msije na Kizungu”.

Bagamoyo imezoea watafiti. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa hapa na Korogwe katika hatua yake ya tatu, kati ya vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na R21 nayo baadaye ilipitia hapa. Watu wa mji huu wameshachangia damu nyingi kwa mambo yaliyokuja kuandikwa duniani, na wanajua kutofautisha mtafiti anayerudi na asiyerudi. Tulirudi. Mkutano ulifanyika chini ya mkorosho karibu na ofisi ya kijiji, tukiwa na karatasi kubwa zilizochorwa kwa mkono kwa sababu projekta isingeonekana juani. Nilieleza swichi, dakika 15, chupa ya uji. Walicheka kwenye chupa.

Kisha mzee mmoja akanyoosha fimbo badala ya mkono. Shikamoo zikapita, akasema: “Mwanangu, umesema hizi seli zinabadilika kwa dakika. Mtoto akiona sindano anapiga kelele, anatetemeka, moyo unamwenda mbio. Mnajuaje kwamba mnachokipima siyo hofu ya sindano yenu?”

Kwa STAT1 nilikuwa na la kusema: hiyo inangoja interferoni, na interferoni haitoki kwa kushtuka kwa dakika moja. Lakini mradi wetu ulikuwa umeongeza kingamwili ya pili, ya protini inayoitwa p38, na p38 kazi yake hasa ni kuitikia misukosuko ya kila aina. Nikamtazama Sista, Sista akanitazama. Nikamjibu mzee kwamba kwa hiyo ya pili swali lake halijajibiwa. Sasa liko kwenye mpango wa msimu ujao: kwa watu wazima watakaokubali, kanula, kijibomba cha kubaki mshipani, inawekwa mara moja, damu ya kwanza inafiksiwa pale pale, mtu anakaa kivulini anapiga soga nusu saa, kisha inachukuliwa ya pili bila kuchomwa tena. Mzee ameshajiandikisha.